Aflasafe TZ01: nimeitumia Kiteto msimu mzima, haya ndo niliyoyaona

Wakulima wenzangu hii ya sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na kuvu kwenye mahindi, naomba mnisikilize. Sisi wa Kiteto 2016 hatujaisahau, watu Dodoma na Manyara macho yakawa njano, matumbo yakavimba, wagonjwa 68 na 20 wakafariki, kwa mahindi ya nyumbani kwao! Na sumu yenyewe huioni kwa macho, ukipika haitoki.

Sasa hii Aflasafe mi naiita dawa ila sio ya kupuliza. Ni punje za mtama zilizokaangwa zisiote, zimepakwa kuvu na rangi ya bluu. Kuvu yenyewe ni Aspergillus flavus, ndo huyohuyo anayeleta sumu, ila hizi ni aina nne zilizopatikana hapahapa Tanzania ambazo haziwezi kutengeneza sumu, zinawahi kukaa kwenye mahindi, zile mbaya zikija zinakuta pameshajaa.

Kilo 4 kwa ekari, unatupa kwa mkono wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na udongo lazima uwe na unyevu. Mi nilisubiri mvua siku tano mfuko uko ndani. Nimeweka, siku ya tatu nikachuchumaa kwenye mstari nakuta punje zimeota manyoya ya kijani, ndo ile kuvu nzuri imeamka, jamani nilifurahi nikamwita mke wangu aje aone. Kuku fungia, wanaziokota zote, na sisimizi nao wanabeba.

Msimu wa nyuma nilipoteza mfuko mzima, muuzaji wa duka moja la pembejeo alinielekeza nichanganye kwenye magunia kama dawa ya dumuzi, wale wadudu wa stoo. Hapana! Inawekwa shambani mahindi yakiwa bado machanga, ndo inaenda na punje mpaka stoo. Na haimalizi sumu yote, inapunguza sana, kwahiyo kuanika kwenye turubai kuko palepale, usianike chini kwenye vumbi.

Mnunuzi alikuja na kipimo, kiwango cha sumu kisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, yangu yakapita. Gari lilelile likayaacha magunia ya jirani yangu ambaye hakuweka, na iliniuma kwasababu ana watoto wadogo na ndo hayohayo wanasongewa ugali kila siku. Tuliongea sana jioni ile. Mwaka huu tumeagiza wote wawili, na kwenye karanga tunaweka pia.