TAHADHARI: Muuzaji wa matandiko asiyekubali farasi ajaribiwe akitembea

Wenye farasi wa viungani mwa Nairobi, hasa mnaonunua matandiko (viti vya ngozi vya kumpandia farasi) yaliyokwisha kutumika, jihadharini na muuzaji mmoja anayezunguka mazizini na shehena ya matandiko yaliyong'arishwa vizuri. Hukunja waya juu ya mabega ya farasi aliyesimama, huchora umbo hilo kwenye karatasi, kisha hutangaza kwamba tandiko fulani limemkaa barabara na hudai alipwe fedha zote papo hapo. Ukitaka farasi apandwe kwanza, hukataa kwa kisingizio kwamba ngozi itaharibika; na akishalipwa, harudishi hata senti.

Kipimo cha waya si uongo, ila hueleza nusu tu ya habari, tena ile nusu nyepesi. Farasi hana mtulinga, hivyo bega lake limeshikiliwa na misuli peke yake, na kila anaponyoosha mguu wa mbele, ncha ya juu ya mfupa wa bega hurudi nyuma na kugonga tandiko lililowekwa mbele mno. Mgongo nao huinuka na kujipinda, kwa hiyo tandiko lililoonekana kutulia zizini laweza kuyumba au kudundadunda kiunoni mara tu mwendo unapoanza.

Kabla ya kulipa, litandikeni bila blanketi, mhakikishe kwamba vidole viwili au vitatu vinapita kati ya upinde wa mbele na kinundu cha mabega, na kwamba sehemu inayobeba uzito haivuki ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Kisha mtu apande, farasi aende hatua, matiti (mbio za polepole) na shoti (mbio za kasi), akizunguka kulia na kushoto, nanyi mtazame kutoka nyuma. Akifupisha hatua au akilaza masikio, msinunue. Mkilivua, mabaka makavu katikati ya jasho yawatie shaka, kwa kuwa huenda mgongo umebanwa hapo.

Kagueni pia kiunzi cha ndani. Tandiko mojawapo la muuzaji huyu lilikuwa na kiunzi kilichopasuka, na ni saisi wetu, yaani mtunza farasi, aliyeusikia mlio alipozibana ncha zake za mbele kwa magoti. Rangi mpya ilikuwa imeficha mengine yote.

Kwa kuwa hubadilisha namba za simu, mtambueni kwa haraka yake ya kulipwa. Wauzaji waaminifu wapo, nao hukubali kuacha tandiko kwa siku kadhaa kwa amana, masharti ya kulirudisha yakiwa yameandikwa na kutiwa saini.