Seva ya nyumbani Mtwara: ununue mashine ipi?

Unataka picha za harusi na nyaraka za kikundi zikae kwako, kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote, na rafiki aliyeko Masasi au Newala azichukue bila kupitia kwa mtu baki. Hapa kwetu kigezo cha kwanza ni umeme.

Namba moja naipa laptopu ya mtumba, kwa sababu ya betri. Ili faili ziwe salama hata mashine ikiibwa, diski hufungwa kwa nywila, na nywila hiyo huombwa kila mashine inapowaka upya. Umeme ukikatika dakika tano nawe uko kazini, kompyuta isiyo na betri itazima, itawaka, kisha itakaa ikusubiri hadi jioni. Laptopu haina habari. Usiogope ya zamani ambayo Windows 11 inaikataa, utaweka Linux, mfumo endeshi wa bure. RAM ya GB 8 inatosha. Dukani, chomoa chaja, cheza video nusu saa, uone betri inavyoshuka. Ikiwa imetuna chini ya kibodi, mrudishie mwenyewe. Chungulia na tundu la kebo ya mtandao: ukiona ukoga wa kijani, hiyo imeshaonja chumvi ya bahari, na ukiipeleka Shangani au Mikindani utaimalizia. ThinkPad nyingi zinakuruhusu kukomesha chaji kwenye asilimia 80, jambo zuri kwa mashine inayochomekwa mwaka mzima.

Ya pili ni kompyuta ndogo ya mezani, kama OptiPlex Micro ya Dell, ila uongeze bei ya UPS, yaani betri ya akiba ya kushika umeme ukikatika. Ya tatu, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja: inakula umeme kidogo, lakini usiweke faili za watu kwenye memori kadi, nunua diski ya SSD. Boksi la NAS, yaani la kuhifadhia faili kwenye mtandao wa nyumbani, kama Synology, naliweka mwisho. Ni zuri, ila mara nyingi diski unajinunulia mwenyewe, na hata zikiwa mbili zinazobeba nakala ileile, faili ukiifuta imefutika kote. Nakala nyingine iwe nje ya boksi.

Rauta nayo inunulie UPS yake ndogo. Soma kwanza volti kwenye adapta, 9 au 12.

Usifungue mlango (port) wowote kwenye rauta ili watu waingie. Mwaka 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga faili kwenye maboksi ya NAS ya QNAP yaliyoachwa wazi kwenye intaneti, wenyewe wakadaiwa pesa. Tumia Tailscale, programu inayounganisha mashine zenu kwa njia ya faragha, inayofanya kazi hata kwa intaneti ya laini ya simu, na juu yake Nextcloud, programu ya kugawana faili, kila mtu na akaunti yake. Mmoja akijitoa kikundini, unafuta yake tu.