Fundi wa Unga Limited aliyeifufua Datsun 1200 yangu

Kama una gari la zamani la milango miwili hapa Arusha na unataka kulikimbiza, tafuta kwanza fundi anayejua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Rangi itasubiri. Wangu yuko mtaa wa Unga Limited, mzee mtaratibu asiye na hata kibao mlangoni, na kwa Datsun 1200 sijaona anayemfikia.

Gari lilitoka Dar likiwa linakoroma na kutoa moshi mweusi. Mzee alichomoa plagi, akanionyesha masizi makavu, akaniambia, "Kijana, hapa tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hii kabureta bado iko pwani." Akafunga jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) yenye tundu dogo zaidi, petroli ilingane na hewa hiyo nyepesi, na kusogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, mbele kidogo. Sasa plagi zinatoka na rangi ya kahawia, dalili ya mchanganyiko mzuri, na injini inapanda bila kusita. Kwa mbio za mita 402 (robo maili) hilo ni jambo kubwa, maana injini yake, A12, ina cc 1,171 tu. Hakuna nguvu ya kupoteza.

Kutu chini ya milango ilikuwa imefichwa kwa puti. Aliikata yote, akachomelea bati jipya, akasaga mpaka ukipitisha kidole husikii kiungo. Kazi safi kabisa!

Kazi yake ni ya polepole, foleni yake ni ndefu, na rangi hapigi. Ila bei mkishakubaliana haibadiliki, na gari halitoki kwake kabla hajabadilisha mipira ya breki iliyochoka. Mpelekeeni.