TAHADHARI: Kuna jamaa anatia "chipu" kwenye paspoti za zamani, Mombasa

Watu wa Mombasa, hasa nyie mlio na wazee wanaotaka kwenda Umra, someni hii na mtume kwa magrupu yenu yote. Kuna mwizi anazunguka mitaani anasema anatia chipu kwenye paspoti za zamani ili zitumike tena. Hakuna kitu kama hicho. HAKUNA. Ametula 14,000 na hapa nilipo nina hasira mpaka nashindwa kutaipu.

Mamangu naye ni mzee, anataka kwenda Umra huko Makka. Paspoti yake ni ile ya zamani, ya 2016, mwisho wake imeandikwa 2026, sasa sisi tukajua tuko sawa, si tarehe haijafika jamani? Kumbe zile za zamani zote mwisho wake ulikuwa 30 Novemba 2022, hata kama yako imeandikwa ina miaka mbele, tangu hapo ni zile za elektroniki zenye chipu pekee. Na nani aliyeniambia hayo mara ya kwanza? Huyo huyo mwizi! Tena hapo hakudanganya, niliulizia baadaye nikaambiwa ndio, kweli. Sasa mtu anakuja na ukweli ambao wewe mwenyewe hukuujua, halafu anakwambia na Saudia nao wataka paspoti iwe na miezi sita mbele, nalo ni kweli, wewe utasema huyu ni tapeli?

Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Kanzu nyeupe imepigwa pasi haina mkunjo hata mmoja, kofia ya kushona kwa mkono, shingoni kadi ya kazi ambayo kila nikitaka kuisoma imegeuka nyuma. Viatu akavua mlangoni kabla hajaambiwa. Akampa mamangu shikamoo, akamuuliza hali ya magoti, magoti jamani!, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha marehemu babangu na hakuna aliyemwambia kitu. Mie nikamtilia chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi, akala akaongezwa akala tena huku anatueleza vile vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Nataka msome tena hapo. YEYE ndiye aliyekuwa akilalamika kuhusu uaminifu.

Alipomaliza akanawa, akafungua begi, akatoa kimashine cheusi kama kile cha kusajili laini za simu, akamshika mamangu kidole gumba akakibonyeza pale, kikalia tii na taa ya kijani ikawaka. "Mfumo ushamshika mama." Halafu akatoa bahasha ya kaki, ndani mna vistika vya mraba vya rangi ya dhahabu, akasema bismillahi kwa sauti, akabandua kimoja akakibandika ndani ya jalada la nyuma, akakipiga piga na kidole, akapitisha simu yake juu ikatetema. "Mama, wewe sasa uko Makka tayari." Mamangu akalia. Akamuombea dua, yeye na watoto wake na wazee wake waliotangulia, na yule mwizi anaitikia amin, amin, macho kafunga. Nikikumbuka hiyo amin nataka kutapika.

Na kabla hamjaanza kunicheka: huyu hakutoka barabarani, aliletwa na mtu wa grupu yetu ya mtaa, tena mtu mzima, ambaye sasa ananiambia eti naye alitumiwa tu na mtu mwingine. Pia hakutaka pesa zote kwa pamoja, alichukua 4,000 kwanza, akasema zile 10,000 mpaka kazi iishe mbele ya macho yetu, mwizi gani anafanya hivyo? Na mnajua mamangu hawezi kusimama foleni. Mtu akikwambia mzee hana haja ya kutoka nyumbani, kila kitu kitamfuata sebuleni, utasema la?

Sasa njooni afisi ya wakala wa Umra. Watu wamejaa, mabuibui kwa makanzu, na mimi mbele na paspoti yangu kifua mbele. Yule binti wa kaunta akafungua, akatazama, akafungua nyuma, akaniuliza kwa sauti ambayo hata wa mlangoni alisikia, "Dada, hii nini?" Nikamwambia ndio chipu. Akaitia ukucha. Ikabanduka. Ikabaki kwenye kidole chake pale na watu wanaangalia. Kuna mama nyuma yangu alisema "masikini" na hiyo masikini ilinichoma kuliko zile pesa.

Binti mwenyewe alikuwa mzuri, akanivuta kando akanieleza. Chipu ya kweli imo ndani ya kitabu, huioni wala huibandui, unachokiona ni ile alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati kwenye jalada la mbele. Paspoti haiongezwi muda na haitiwi kitu, ukirenew unapewa kitabu kipya cha miaka 10. Unaomba eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa akaunti yako, unachagua kitabu cha kurasa 34, 50 au 66, unalipa kwa paybill ya serikali namba 222222, unachagua siku ya miadi, halafu unaenda MWENYEWE na ile ya zamani upigwe picha na uchukuliwe alama za vidole. Hicho kidogo cha kurasa 34 ni 7,500 na kitu. Yaani tumelipa karibu mara mbili kwa kistika.

Nimempigia, mteja hapatikani. Wasap amenibloku. M-Pesa nimejaribu kurudisha, pesa zilishatolewa zamani. Nimeenda stesheni ya polisi nimeandikisha, OB namba, ile ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Huyu mtu mimi sitaki anirudishie tu, nataka afungwe, apelekwe Shimo la Tewa akae humo na kanzu yake nyeupe mpaka iwe rangi ya udongo. Anaibia wazee wanaotaka kwenda kwa Mola wao! Hasbunallahu wa ni'mal wakil. Zile dua za mamangu zimgeukie zote.

Haya, mwaniuliza inboksi mtu atamjuaje. Pesa anataka kwa namba yake ya simu, si ile paybill ya 222222. Risiti aliandika kwa kalamu. Anasema mzee hana haja ya kwenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, na hilo peke yake latosha. Mengine sikumbuki, kichwa kinauma. Sura: mrefu kiasi, mweupe, anaongea polepole kama maalim, na anapenda sana kusema "inshallah mama".

Paspoti za zamani zimo nyumba nyingi hapa mjini tangu kabla ya 2022 na wenyewe hawajui, kwa hivyo kazi anayo bado. Kama alikuja kwenu au ana miadi na mzee wenu wiki hii, msimfukuze. Mwekeni hapo hapo, mpeni chai, mnipigie nije na polisi.