Mkaguzi aliyekataa kupima juu ya zinki

Mnara wa tangi la maji tuliutengeneza karakanani kwetu hapa Kampala, vipande vikaenda kuzamishwa kwenye zinki, kisha mteja akadai maungio yapimwe kwa sumaku, yaani nyufa zitafutwe kwa sumaku na chembe za chuma. Nikamwita mkaguzi wa kutoka Jinja. Nyota tano, na ninaeleza kwa nini.

Kabla ya kufungua kopo lolote la rangi aliweka kipimo cha unene juu ya mshono wa kuchomelea. Kikasoma karibu mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa zinki si kasoro: ISO 1461, kiwango cha kimataifa cha kuzamisha chuma kwenye zinki, inataka wastani usiopungua mikroni 85 kwenye chuma kinachozidi milimita 6. Lakini zinki haishiki sumaku, na wakaguzi huvumilia tabaka la mikroni 50 hivi. Likizidi hapo, ufa mdogo hujificha. "Mzee," akaniambia, "hapa zinki itoke kwanza."

Mkaguzi mwingine tuliyewahi kumtumia alipuliza rangi nyeupe ya kuonyeshea chembe juu ya zinki hivyo hivyo, akaandika "safi" kila mahali. Vyeti vile siviamini tena.

Nilimuuliza kama haikutosha kupima kabla ya kuzamisha, maana tulipima. Akasema zinki iliyoyeyuka, kwenye nyuzi 450 hivi, huweza kupenya chuma chenye mkazo uliobaki baada ya kuchomelea na kukipasua pembeni mwa mshono. Kwa hiyo cheti cha kabla hakisemi chochote kuhusu baada.

Vijana walisaga ukanda mwembamba tu, mshono na kingo zake. Akapaka rangi nyeupe nyepesi, akasimamisha miguu ya sumaku, akanyunyiza wino wenye chembe nyeusi, halafu akaigeuza sumaku nyuzi 90 na kurudia, kwa sababu ufa unaolala sambamba na njia ya sumaku hauonekani. Kwenye kona ya bamba la chini ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Alimwita kijana aliyechomelea hapo, akamkabidhi sumaku ajionee mwenyewe. Hilo nililipenda kuliko yote.

Tuliusaga ufa, tukachomelea upya baada ya kuondoa zinki pande zote. Moshi wa zinki huleta homa, na maziwa wanayokunywa mafundi hayaizuii.

Bei yake iko juu kwa karakana ndogo, na kurudishia kinga ya zinki anakuachia wewe. Ukimwita, weka tayari grainda, rangi yenye zinki nyingi na jenereta, kwani sumaku yake haitumii betri.