Jina la kikoa kwa biashara ya Tanga: lipi la kwanza, lipi usiliguse

Karatasi ya bei ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Mama anayeuza iliki, mdalasini na pilipili manga za Amani aliikunjua juu ya kaunta yangu hapa Ngamiani, akaniuliza, "Mwanangu, haya yote nayahitaji?" Ilikuwa na mistari mitano: jina la kikoa, yaani anwani ya biashara kwenye intaneti, nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, halafu majina matatu ya hosti, yaani www, mail na duka, kila moja na bei yake. Nikachukua kalamu nikaikata hiyo mitatu ya mwisho.

Ukimwelekeza mgeni hapa Tanga humwanzii na chumba. Unamwambia Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, nyumba ile yenye mwembe, chumba cha uani. Kompyuta nazo husoma jina hivyohivyo, kutoka kulia kwenda kushoto. Katika duka.viungovyetu.co.tz, zinaanza na tz, zinakuja co, kisha viungovyetu, na mwisho kabisa duka. Unachonunua ni viungovyetu.co.tz. Hicho ndicho kikoa. "Duka" ni jina la hosti, nalo unaliandika mwenyewe kwenye rekodi za DNS, ile orodha inayoziambia kompyuta jina lipi liko wapi, bure, hata ukitaka ishirini. Printa yangu inaitwa printa-mbele kwenye mtandao wa ofisi na hakuna aliyewahi kunidai senti kwa jina hilo.

Basi tukizungumzia kununua, tunazungumzia kikoa. Nayapanga hivi kwa biashara ndogo ya huku kwetu.

La kwanza: .co.tz. Kama wateja wako wako Tanga, Muheza, Korogwe au Dar, usihangaike kutafuta kingine. Mteja akikiona anajua biashara iko nchini. Unalipa kwa shilingi kwa wakala wa hapahapa, yaani kampuni inayokusajilia jina, na vikoa vya .tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa hiyo ukidhulumiwa mlango wa kugonga haupo ng'ambo. Kasoro yake ni kwamba mawakala hawalingani. Kabla ya kulipa piga simu ya wakala mwenyewe, uone kama inapokelewa.

La pili: .com. Hili ni la anayeuza nje au anayesubiri watalii. Ndilo watu huandika bila kufikiri, limezoeleka tangu 1985. Ila majina mazuri yameshachukuliwa, na mara nyingi utalipa kwa kadi, kwa dola. Angalia bei hapa. Verisign, wanaoendesha .com, Septemba 2024 walipandisha bei wanayowauzia mawakala hadi dola 10.26 kwa mwaka. Anayekutangazia dola mbili anakula hasara mwaka wa kwanza ili akukamate wa pili. Usiulize bei ya kuanza, uliza ya kuhuisha.

La tatu: .hotel.tz. Wenye nyumba za wageni Pangani na Raskazone wengi hawajui kama lipo. Linapendeza kwenye bango, lakini mgeni atalisahau, kwa hiyo nalishauri kama nyongeza tu. (Zipo pia .go.tz, .ac.tz na .sc.tz. Hizo ni za serikali, vyuo na shule, usizipotezee muda.)

La mwisho kabisa: vya bure na vya bei ya karanga. Kuna kampuni ya Freenom iliyokuwa ikigawa majina ya .tk, .ml na .ga bila malipo. Matapeli wakayajaa hadi watu wakawa wanaziogopa herufi zenyewe. Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook, ikaishtaki, usajili mpya ukasimama, Gabon ikaichukua tena .ga yake, na mwaka uliofuata Freenom ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Kama bango lako lilikuwa na jina kama hilo, ulipaka rangi upya.

Sasa jambo linaloumiza watu kuliko uchaguzi wa herufi: kikoa kimeandikwa kwa jina la nani? Mimi mwenyewe yalinikuta. Kikoa changu cha kwanza, cha .com, kilisajiliwa na fundi aliyenitengenezea tovuti, kwa barua pepe yake. Fundi akahama mji na namba akabadilisha. Ujumbe wa kukumbusha malipo ukawa unaenda kwake. Jumatatu moja barua pepe za wateja zikaacha kuingia, nikadhani ni intaneti, nikagombana na watu wa mtandao siku nzima bure. Kwa kawaida .com ikiisha muda, wakala anaweza kukusubiri hadi siku 45, kisha zinafuata siku 30 za kukomboa kwa faini, kisha siku 5, halafu jina linaachiwa kwa yeyote. Mimi niligutuka nikiwa kwenye faini. Kwa hiyo akaunti iwe yako, barua pepe iwe yako, nywila iwe kwako. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, usimpe hati ya nyumba.

Na jina lenyewe, fupisha. Sheria inaruhusu herufi hadi 63 kati ya nukta na nukta, lakini nani ataziandika? Epuka kistari, maana kwenye simu utakuwa unasema "weka kale kamstari" mpaka salio liishe. Jaribio langu ni rahisi: namtajia dereva wa bajaji jina mara moja, namwomba aliandike kwenye simu yake. Akikosea, natafuta jingine. Yule mama alikuja na viungovyaasiliavyaamani. Dereva alicheka, akarudisha simu.

Alichukua .co.tz ya miaka miwili, jina fupi, kwa barua pepe yake mwenyewe. Majina ya hosti tuliyaandika palepale kaunta. Mawili yalichukua dakika chache. La tatu lilituchelewesha, kwa sababu alikuwa anabishana na binti yake kwenye simu kama liitwe duka au sokoni.