Boti ya V nilivyoiona, Nungwi mpaka Mnemba

Wadau wa boti, hii faiba ya futi 24 yenye kitako cha V naipelekea wageni kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, tangu msimu wa upepo wa kaskazi na sasa ule wa kusi umechachamaa, kwa hiyo naweza kuisema. Ile yangu ya zamani ilikuwa bapa chini, maji yakilala inateleza tu, mashine mbili za farasi 40 zinaipandisha juu ya maji mapema na mafuta inakunywa kidogo, ila kipindi cha kusi ukitoka Nungwi kwenda Mnemba upepo unakuja usoni, kila wimbi kibao, wageni wanashika viuno na faiba inapata nyufa kule omo, yaani mbele.

Hii mpya ina V ya digrii 22 mpaka nyuma kabisa, yaani kila upande wa kitako unapanda kwa pembe hiyo. Wimbi inalipasua, hailipigi, mwendo wa kawaida na mgeni chupa ya soda iko mkononi. Si mambo mapya haya, Ray Hunt wa Marekani alichora V ya digrii 24 hivi na boti yake ya V, Moppie, ikabeba mashindano ya Miami hadi Nassau mwaka 1960 bahari ikiwa imechafuka.

Ubaya wake sasa. V inazama zaidi kuliko bapa so inataka nguvu kuinuka, mashine zilezile za 40 wageni wakijaa zinahangaika na mafuta yamepanda. Ikisimama wageni wakikimbilia upande mmoja kuona pomboo inalala kweli. Kurudi wimbi likiwa nyuma, omo inachimba, tezi (nyuma ya boti) inataka kuzunguka, nyanyua mashine kidogo na usikate mafuta ghafla.

Halafu kulikuwa na kituko, ilivyoletwa tu ikishika spidi omo inadundadunda juu chini haitulii, tukahamisha mizigo, tukahamisha tangi, wapi! Fundi mmoja akalala chini na rula ndefu ya alumini akaiweka karibu na tezi, kumbe faiba imetuna, kidogo tu, mwanga unapita pembeni ya rula. Maji yakipita kwenye uvimbe yanavuta tezi chini, omo inapanda, inaanguka, inapanda tena. Waliounda wakasema eti ni kawaida. Tukasaga, tukajaza mati (nyuzi za faiba) na rezini (gundi yake) mpaka rula ikalala, imetulia. Mkienda kununua bebeni rula, rangi isiwababaishe, angalieni zile futi za mwisho nyuma maana ndo boti inakalia hapo ikikimbia.

Anayezunguka ndani ya mwamba tu abaki na bapa yake. Mimi natafuta mbili za 60, hizi 40 anayezitaka tuzungumze.